Mama mkwe alivyonifundisha kuchokoa pweza

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Methali hii niliimba darasani kule Morogoro tangu mdogo, na miaka yote mvungu nilioujua ni wa kitanda. Nilipoolewa Jambiani, pwani ya Unguja, mama mkwe alinionesha mvungu mwingine: wa jiwe, na mwenye nyumba ana minyiri minane.

Tunakwenda wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapokupwa sana na mwamba kubaki wazi. Maji mafu, yanapokupwa kidogo tu, tunakaa nyumbani. Kifaa ni mkonzo tu, yaani fimbo yenye ncha kali, na viatu vya kukinga miiba.

Bamvua mbili za mwanzo nilirudi mikono mitupu. Nikawa nawatazama wavuvi wengine na kuiwaza methali. Wa mshipi amekaa zake ngalawani, ndoana ndiyo inayoshuka kwa niaba yake. Wa dema keshatega mtego wake, yuko kwake amelala. Wa juya wanavuta wavu wao kwa pamoja, huku wanaimba. Nikaona kumbe methali hii imetungiwa sisi wa pweza, na haikusema mgongo utainama kwa saa ngapi!

Bamvua ya tatu mama mkwe akanisimamisha.

"Mwanangu, umesimama kama mlingoti. Pweza anakuona, wewe humuoni. Inama."

"Nimeinama, mama."

"Umeinamisha kichwa. Inama wewe."

Akanishika bega, akanishusha mpaka kivuli changu kikalala juu ya kidimbwi. Mng'aro wa jua ukakatika pale pale, maji yakawa kama kioo kilichofutwa. Nikaona vijiwe vimepangwa mlangoni mwa shimo, na maganda ya kaa yaliyobaki baada ya kuliwa, bado masafi. Pweza akila hutupa maganda nje, kwa hiyo jaa lake ndilo linalomtaja. Nyuma ya vijiwe palikuwa na jicho. Ngozi iliyolizunguka ilikuwa rangi ya jiwe, mara ikawa nyekundu ya kahawia.

Kuinama kule nilikuwa nakuchukua kama unyenyekevu, adabu ya mwenye shida. Siku ile nikaelewa kwamba kunahusu macho. Aliyesimama wima anaona jua tu.

Mkono hatuingizi. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, naye hupenda mashimo hayo, na pweza ni chakula chake. Nikapeleka mkonzo taratibu. Pweza akaukumbatia, mnyiri mmoja, wa pili, wa tatu, nikahisi uzito wake hadi kwenye kiwiko. Hapo ndipo wengi huharibu: ukimvuta kwa pupa anajibana ndani, maana hana mfupa hata mmoja. Nikavuta kidogo, nikatulia, nikavuta tena. Alipotoka, wino ulitanda kidimbwini na mimi nikapiga vigelegele ambavyo nadhani vilifika kijijini.

Tukampiga juu ya jiwe mpaka akatoa povu, maana bila hivyo nyama yake ni ngumu kutafuna. Njiani tulimkuta mwingine mdogo, mama mkwe akanizuia. Tulimwacha. Pweza hukua haraka mno, na jike hutaga mara moja tu, akalinda mayai yake, kisha akafa.

Usiku tulimla kwa tui la nazi na wali. Bamvua ijayo dada yangu anakuja kutoka Morogoro. Nimeshamtayarishia mkonzo wake.