Pikapu na vifaa vya kupunguza ulaji wa mafuta

Jamani wenye pikapu, hii ya kupunguza ulaji wa mafuta nimeihangaikia sana na naomba niwaambie kilichofanya kazi kwangu. Kikubwa ni TAIRI. Nilitoa zile pana za matope nikaweka za barabarani saizi ya kiwandani, nyepesi na zinabingirika kirahisi, halafu upepo naujaza kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, gari ikawa nyepesi kabisa hata mguu unausikia. Keria ya juu nayo nimeishusha maana ukishavuka 80 kwa saa adui yako mkubwa ni upepo, ukiongeza spidi mara mbili ukinzani wake unapanda mara nne, sasa we fikiria bampa la chuma, keria, na gari imenyanyuliwa juu.

Kava ya bodi, ile ya kufunika sehemu ya mizigo nyuma, inasaidia, ila kidogo, na ni kwa safari ndefu tu, mjini hutaona kitu.

Eafilta za "pafomansi" sizipendekezi kwa injini za kisasa, kompyuta inapima hewa inayoingia na kutoa mafuta kulingana nayo, kwa hiyo hewa kuingia kirahisi hakupunguzi mafuta. Sumaku za kwenye paipu ya mafuta achaneni nazo kabisa!! EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, imeshapitia zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta na vingi havikusaidia chochote.

Na ukipima ulaji wa mafuta, jaza fulu tenki mpaka fulu tenki, kumbuka tairi kubwa kuliko za kiwandani zinafanya dashibodi isome kilomita pungufu.