Jinsi randa yangu ilivyoacha kutupiga stima

Mashine ya randa niliyoinunua mitumba ilitupiga stima karibu mwaka mzima, na kila niliyemuuliza hapa Nakuru alikuwa na dawa yake. Vaa gambuti. Simama juu ya mbao. Mmoja akasema meza ya chuma "lazima ibebe moto kidogo", eti ni kawaida. Si kawaida! Siku kijana ninayemfundisha kazi aliporushwa akaangukia rundo la mbao, mkono umekufa ganzi, nilifunga karakana nikamwambia hapa hakuna kuwasha kitu mpaka nijue.

Ushauri niliofuata kwanza ulikuwa huu: nondo ya nusu mita ipigwe chini nje ya ukuta, iungwe na waya wa athi (ule unaopeleka ardhini stima inayovuja), kisha imwagiwe maji ya chumvi. Nikafanya yote. Nikachukua balbu ya wati 100, ncha moja kwenye laivu, nyingine kwenye athi ya soketi ya ukutani. Ikawaka vizuri, nikalala na amani. Kesho yake asubuhi mashine ikanipiga mimi mwenyewe.

Ndipo nikakaa nikawaza. Balbu nimeipima ukutani, lakini randa haili stima ukutani. Iko mwisho wa ekstensheni ya mita 30. Nikachomoa kila kitu (hili usiliruke, maana athi ikiwa mbovu, jaribio la balbu linapeleka moto kwenye chuma cha kila mashine iliyochomekwa), nikaipeleka balbu ile ile mwisho wa ekstensheni. Laivu na nyutro, inawaka. Laivu na athi, giza. Nikakaza ncha, giza. Nikafungua plagi: pini tatu nje, nyaya mbili ndani! Wa athi haukuwamo kabisa, na aliyeniuzia alikuwa ameniapia ni kebo ya kazi nzito. Nilipoikata, shaba yake ilikuwa nyembamba kama ya spika.

Nikamwita fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi ya Kenya, na ningemwita tangu mwanzo ningeokoa mengi. Mita yake ilisoma nondo yangu zaidi ya omu 100, yaani inazuia stima mno isipite kwenda ardhini. Akanipigia hesabu kwenye kipande cha mbao: volti 240 gawa kwa omu 100, unapata ampea 2.4. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Kwa hiyo hata ekstensheni ingekuwa na athi, waya ukigusa chuma fyuzi isingekatika, na mashine ingebaki na moto. Balbu ilinidanganya kwa sababu balbu ya wati 100 haili hata nusu ampea, na hiyo hata athi mbovu inaipitisha. Na chumvi? Udongo wetu wa majivu ya volkano haushiki maji, Januari ni vumbi tupu, na chumvi yenyewe inakula nondo.

Tulipiga fito mbili za shaba, moja mbali na nyingine kuliko urefu wa fito yenyewe, tukafunga RCD, swichi ya kinga, ya miliampea 30. Ilinigharimu elfu tatu na kitu, fito na ufundi mbali. Hiyo haingoji ampea 13. Stima ikivuja kidogo tu, inakata.

Tukanunua kebo ya nyaya tatu, milimita 2.5 za mraba. Tukawasha randa bila mtu kuigusa. Ikazunguka sekunde chache, ikatetemeka, tak! RCD ikakata. Tukawasha tena, tak. Nilifurahi kuliko siku niliyoinunua ile mashine, maana sasa kosa lilikuwa linajitaja lenyewe. Tukachomoa, tukafungua kisanduku cha mota: ringi ya mpira pale waya unapoingilia ilikuwa imeoza, ukingo wa bati umekwangua ngozi ya laivu, na kila mota ikitikisika shaba inagusa chuma. Tulibadilisha waya na ringi, nusu saa imetosha.

Drili yangu ina alama ya mraba ndani ya mraba, hiyo haihitaji athi, usihangaike nayo. Lakini kebo ya kwenye gurudumu ikunjue yote kabla ya kazi nzito, kwani ikiwa imezungushwa inapata joto hadi plastiki kuyeyuka.

Kila mwanzo wa mwezi kijana ndiye anayebonyeza kitufe cha T cha kujaribu RCD kabla ya kuwasha randa, na hunita nije nisikie ikikata.