Ubao wa moyo: njia ya kijani na njia nyekundu

Wiki ya kwanza

Ubao huu umetokana na swali la Mama. Mwezi uliopita alipimwa moyo, akaambiwa umekua mkubwa kwa sababu ya presha, akaongezewa dawa. Jioni ileile mpwa wangu, anayefanya mazoezi ya mbio kule Kapsabet, akapiga simu: naye amepimwa, moyo wake ni mkubwa, na kocha amefurahi. Mama akaniambia, "Moyo wa mjukuu wangu ukikua anapongezwa. Wangu ukikua napewa dawa. Hebu nieleze, mwanangu."

Sikuweza kumweleza. Mimi ni fundi wa redio hapa Kondele, na jambo nisiloweza kulichora kama sakiti huwa sijalielewa. Basi nimeamua kulichora: ubao wa mbao, waya, taa ndogo za LED, swichi mbili. Njia ya kijani ni ya moyo unaokua kwa mazoezi, nyekundu ni ya moyo unaokua kwa presha.

Kabla ya kugusa solda nilinunua moyo wa ng'ombe buchari, nikaukata kwa upana mezani. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene sana kuliko wa kulia, maana upande huo ndio unaosukuma damu mwili mzima. Kwa mtu mzima mwenye afya ukuta huo huwa kama milimita 6 hadi 10. Mama aliushika, akaufinya, akanyamaza kwa muda.

Wiki ya tatu

Nimesoma usiku mwingi. La kwanza kujua ni kwamba seli za misuli ya moyo wa mtu mzima hazigawanyiki ila kwa nadra sana. Moyo ukikua, ni seli zilezile zinazonenepa au kurefuka. Presha ikipanda, nyuzi za kukaza hupangwa ubavu kwa ubavu na ukuta unakuwa mnene. Kwa mkimbiaji wa masafa marefu, ambaye moyo wake hupokea damu nyingi, nyuzi huungana pia kichwa kwa mkia, chumba kinapanuka na ukuta unanenepa kwa kiasi tu.

Njia ya kijani imekamilika. Swichi ni IGF-1, homoni inayofanana na insulini. Inashika kipokezi kwenye utando wa seli, kimeng'enya PI3K kinaamka na kubandika fosfati kwenye mafuta ya utando, na hapo protini ya Akt inaitwa na kuwashwa. Akt inaiamsha protini nyingine, mTOR, nayo mTOR inaagiza protini zitengenezwe. Taa tano, zinawaka kwa zamu. Ni nzuri mno kuitazama usiku.

Njia nyekundu ilinichukua siku tisa. Swichi ni angiotensini II, homoni inayopandisha presha. Kipokezi chake kinaamsha protini ya Gq, kalsiamu inapanda ndani ya seli, na kalsiamu hiyo inaamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinyurini. Kazi ya kalsinyurini ni kunyofoa fosfati kutoka kwa protini ya NFAT. Ikishanyofolewa, NFAT inaingia kwenye kiini cha seli, inashirikiana na GATA4, protini nyingine inayowasha jeni, na jeni zilizokuwa zikifanya kazi moyo ulipokuwa wa mtoto tumboni zinaamka upya. Mwaka 1998 kundi la Jeffery Molkentin na Eric Olson huko Marekani lilionyesha kwamba panya waliowekewa kalsinyurini isiyozimika walipata moyo mkubwa, kisha moyo ukashindwa kazi. Nimeipa kalsinyurini taa kubwa kuliko zote, na inastahili.

Mama alitaka kujua dawa yake inakaa wapi. Anatumia losartani, ambayo huziba kipokezi cha angiotensini. Nimeweka swichi ndogo papo hapo. Ukiibonyeza, mstari wote mwekundu unazimika.

Wiki ya tano

Nimebomoa nusu ya kazi. Nilikuwa nimezitenganisha njia mbili kama reli zisizokutana, kumbe zote zinafika kwenye utengenezaji wa protini, na zinaguswa na matawi mengine njiani. Nimefungua waya kumi na nne.

Kilichoniumiza kichwa zaidi ni Akt. Niliichora kama rafiki, basi. Lakini katika panya, Akt ikiwashwa kwa muda mfupi moyo unakua vizuri na unaweza kurudi ulivyokuwa. Ikiachwa inawaka wiki nyingi, misuli inaipita kasi mishipa midogo ya damu inayoilisha, na moyo unalegea. Taa ya kijani yenyewe inaweza kuleta ugonjwa ikikosa kupumzika! Mkimbiaji hupumzika, analala, anakula, kesho anarudi. Presha hailali.

Kwa hiyo nimeongeza kapasita, kidude cha kuhifadhi umeme, ya mikrofaradi 1000: Akt ikiwaka mfululizo, inajaa polepole na taa nyekundu ya pembeni inawaka. Kwa rizista ya kiloohm 47 iliwaka baada ya sekunde nne, mapema mno. Kwa kiloohm 220 inachukua kama sekunde kumi na nane. Hiyo ndiyo nimeibakiza.

Jana

Mpwa alikuja kututembelea. Mama alimkalisha mbele ya ubao akamweleza njia yote, kidole chake kikifuata waya, na alipofika kwa Akt alisubiri taa ya pembeni iwake. Kisha akamuuliza, "Wewe, siku ya kupumzika ni ipi?"

"Jumapili, Nyanya."

Kimebaki kioo cha kufunika, na lebo za kipokezi cha endothelini, kemikali ya mwili inayobana mishipa; kipokezi hicho nacho huamsha Gq.