Kisu cha nne

Nawaongoza na kuwapikia wageni wanaotembea kwa miguu milima ya Usambara, kutoka Lushoto kupitia Magamba na Rangwi hadi Mtae, siku tatu au nne kutegemea magoti ya mgeni. Kazi hiyo inataka kisu kimoja kiunoni. Panga halimenyi kitunguu. Kisu cha jikoni ukikipasulia kuni kinapinda kama kijiko. Na visu vya kukunja sivitaki hata bure, kile kiungo chake kikishaingia unga wa ugali ndiyo basi tena. Lakini miaka kama sita iliyopita haya yote sikuyajua, nikaenda kumwuliza binamu yangu mwenye duka, ambaye hajawahi kulala porini hata usiku mmoja na ana jibu la kila swali.

"Kaka, kisu ni heshima," akaniambia. "Chukua kikubwa, chuma kisichoshika kutu, umalize mambo."

Akaniuzia kisu cha komando. Kilizidi shubiri yangu, kinameta, mgongoni kina meno ya msumeno, na mpini wake ni bomba tupu lenye kifuniko. Ndani ya bomba kulikuwa na njiti za kiberiti, ndoana mbili, uzi wa kuvulia na sindano. Juu ya kifuniko, dira. Nilitoa elfu arobaini na kitu nikaambiwa hiyo ni bei ya ndugu. Naona aibu kusema, lakini nilikivaa siku mbili nyumbani kabla ya safari, hata nikienda kununua chumvi.

Safari yenyewe ilikuwa na Waswidi wanne. Tukafika Rangwi jioni na mvua imetunyeshea tangu saa nane. Kuni za mkaratusi zilikuwa zimelowa chepe, lakini kuni ya namna hiyo ndani huwa kavu. Unaweka makali juu ya kichwa cha gogo, unagonga mgongo wa kisu kwa kipande cha mti, gogo linafunguka unapata moyo mkavu wa kuwashia. Wageni wamejipanga kwenye benchi wananitazama, na mimi nimejigeuza kidogo ili waone kisu vizuri. Pigo la kwanza, yale meno ya mgongoni yakatafuna rungu langu. Pigo la pili, vumbi la mti likaniingia machoni. La tatu bapa likazama katikati ya gogo likagoma, halipandi wala halishuki. Nikakanyaga gogo, nikashika mpini kwa mikono miwili, nikavuta kama mtu anayeng'oa muhogo wakati wa kiangazi. Nikasikia "tiki". Nikaenda chali moja kwa moja hadi kwenye sufuria ya maharage, nimeukumbatia mpini. Mpini peke yake. Bapa lilibaki kwenye gogo limesimama wima.

Maharage yalikuwa bado hayajapata moto, nashukuru Mungu kwa hilo.

Nilipochungulia ndani ya bomba nikaiona siri yote. Bapa lilikuwa na kijimkia kifupi kama kidole gumba, kimekazwa kwa nati moja. Heshima yote ile ilining'inia kwenye nati. Tangu siku hiyo mtu akinionyesha kisu naanza kuuliza mpini kabla ya makali: chuma kinaingia hadi wapi? Kama hakifiki mwisho, au angalau hakivuki nusu ya mpini, mrudishie.

Mmoja wa wale Waswidi akainuka bila kusema neno, akachomoa kijisu cha Mora, chapa ya kwao Uswidi, chenye mpini wa plastiki wa rangi ya chungwa, bapa lake kama sentimita kumi tu. Akaanza na gogo jembamba, akaligonga mgongoni taratibu, likafunguka. Siku ya mwisho pale Mtae akanipa kiwe changu. Aliniambia kwao ni kisu cha fundi seremala na mvuvi, cha bei ya kawaida kabisa. Nilikitumia miaka miwili na sikioni cha kukifananisha kwa kukata nyanya, kuchonga vigingi vya hema na kuchuna kuku. Ni chembamba, na wembamba ndio ukali wenyewe. Tatizo langu ni maboga. Boga la milimani linakishika kisu kifupi kama mamba, unabaki unazunguka nalo. Na gogo nene la mkaratusi nalo kilikuwa hakilifikii. Halafu mbebaji mmoja akakiacha juu ya jiwe mtoni Magamba, habari yake ikaishia hapo.

Kwa hiyo sasa nikajua ninachotaka: kirefu kuliko Mora, kifupi kuliko sime ya Mmasai. Bapa la nusu shubiri na ziada, kama sentimita kumi na tatu. Mgongo wa milimita nne, usio na meno. Ncha iwepo lakini isiwe sindano. Binamu alipolisikia hilo akasema basi angalau kiwe cha chuma kisichoshika kutu. Sina ugomvi na chuma hicho, ila cha bei rahisi hakikai makali, na ukikinoa unachoka kabla yake.

Kisu cha tatu nakisimulia haraka kwa sababu kinaniuma. Fundi wa kuchomelea huko Mombo alinikatia kipande cha springi ya gari, akakichonga vizuri sana, akakipasha moto hadi kikawa chekundu, akakichovya kwenye ndoo ya maji. Kilipasuka palepale, ufa kutoka kwenye makali hadi mgongoni. Akasema nilikuwa na bahati mbaya. Fundi springi wa jirani, aliyekuwa anatuangalia muda wote amekaa juu ya tairi, ndiye aliyenifungua macho. "Springi haipendi maji," akasema. "Inapenda mafuta." Sasa si ungesema mapema, mzee wangu! Akanitafutia vipande vitatu vya springi, akavigonga kimoja kimoja kwa nyundo. Viwili vikalia kama kengele, kimoja kikalia kama debe, hicho akakitupa; akasema springi iliyochoka huwa na nyufa usizoziona. Nikampa hela ya soda mbili tatu.

Vipande hivyo nikavipeleka Mamba, kule Marangu, kwa wahunzi wa Kichagga wanaowafulia Wamasai mikuki na sime. Mivukuto yao ni ya ngozi ya mbuzi. Mzee niliyemkuta aliangalia mchoro wangu, akaupindua, akauangalia tena.

"Hiki cha mtoto?"

"Cha kwangu, mzee. Cha kazi ya kambini."

"Makali upande mmoja tu?"

"Upande mmoja. Mgongo naugonga na mti."

Akacheka hadi akakohoa, lakini alikifua, na alikifua kwa mkono wa mtu aliyezaliwa na nyundo. Tabu ilikuja kwenye kukipa ugumu. Yeye amezoea sime, ambayo mwenyewe huiacha laini kiasi ili Mmasai ainoe kwenye jiwe lolote. Mimi nilikuwa nimeangalia video usiku kucha na nilikuja na silaha zangu mbili: sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, na galoni ya mafuta niliyokwisha kukaangia chipsi. Chuma kikiiva sawasawa sumaku haikishiki tena, na hapo ndipo unapokichovya. Mzee hakuamini. Tukajaribu: chekundu cha giza, sumaku inashika, tukavukuta kidogo, inashika, tukavukuta tena, sumaku ikateleza kana kwamba nimeigusisha kwenye mti. Mzee akaninyang'anya ile sumaku akajaribu mwenyewe mara tatu, na nikaanza kuogopa chuma kitapoa. Kisha tukazamisha. Ukapanda moshi wenye harufu ya chipsi, na watoto wa jirani wakaja mbio wote wakitafuta sahani. Tupa ikateleza juu ya makali bila kushika, kama ukucha kwenye kioo. Mzee alibaki na sumaku yangu. Sikuidai.

Chuma kikitoka hapo ni kigumu lakini chepesi kuvunjika, kikianguka sakafuni unaweza kuokota vipande. Inabidi kipashwe moto mdogo kipunguze ukali wa ugumu. Mimi oveni yangu iko Lushoto. Basi nikakivingirisha kwenye khanga, nikapanda gari hadi Himo, Himo basi hadi Mombo, Mombo nikapanda mlima, muda wote nimekipakata kama trei ya mayai. Abiria mmoja alinipisha akidhani nimebeba mtoto mgonjwa.

Mke wangu anaoka keki za kuuza.

"Baba Rehema, hicho chuma hakiingii humu."

"Nimekiosha."

"Ulikiosha na nini? Kinanuka chipsi."

Kiliingia saa nne usiku, keki zilipokwisha. Kabla ya hapo nilikuwa nimekisugua msasa mpaka kikawa cheupe, kwa sababu rangi ndiyo saa yako. Moto wa nyuzi mia mbili hivi, saa nzima, kipoe, saa nzima tena. Unataka rangi ya majani makavu, ile ya chapati ikianza kuiva. Ikifika bluu umeharibu, hiyo ni ya springi, si ya kisu. Gesi iliyotumika nililipa kwa kuosha vyombo wiki nzima.

Mpini wa kwanza niliweka mpingo, kwa majivuno. Mpingo uliolainishwa kwa msasa ukishika mafuta ya kuku unateleza kama sabuni. Nikaung'oa nikaweka mpera, mti uleule tuliokatia manati utotoni, nikauacha na mikwaruzo kidogo. Chuma kimefika hadi mwisho wa mpini, misumari mitatu ya shaba, hakuna nati.

Kutu ni kweli ipo, ukungu wa Magamba haumsamehi mtu. Nilikata ndimu na vitunguu mpaka bapa likawa la kijivu, na kijivu hicho kinakilinda. Msaidizi wangu akaona ni uchafu, akakisugua na waya wa sufuria kikameta, akakirudisha kwenye ala ya ngozi yenye unyevu. Asubuhi kilikuwa na madoa ya rangi ya matofali. Sasa kinalala nje ya ala, kimepakwa mafuta ya nazi, na makali nayarudishia kwenye kitako cha kikombe cha udongo, pale chini pasipo na rangi.

Binamu alikiona mwezi uliopita, akakipima mkononi, akauliza nitamtengenezea vingapi auze. Mpini wa komando bado ninao jikoni. Kifuniko chake kinafunga vizuri, natunzia humo njiti za kiberiti, na dira yake mpaka leo inasisitiza kwamba kaskazini ni Korogwe.