Madrid kwa siku chache: nilianza na saa, vivutio vikafuata

Nilipoiambia familia kwamba mimi na dada yangu mkubwa tunakwenda Madrid mwezi wa Mei, kila mtu akageuka mtaalamu wa Hispania. Binamu yetu aliyeko Uholanzi ndiye aliyenichosha zaidi. "Mdogo wangu, ukifika Madrid usiione Barcelona umetupa nauli. Treni ni saa mbili na nusu tu!" Hilo la saa mbili na nusu ni kweli. Asichokihesabu ni kufunga mizigo, kukaguliwa mabegi stesheni, kuhamia malazi mengine, kujifunza mabasi ya mji wa pili, na goti la dada, ambalo likipandishwa ngazi nyingi asubuhi, jioni halimbebi. Mwenye siku chache akizigawa kwa miji miwili, nyingi zinaishia njiani. Tulibaki Madrid, na huo naona ndio uamuzi bora niliofanya katika safari nzima.

Viza sitaieleza sana. Kuna wakala alitaka pesa nyingi kutujazia fomu ambayo mtu yeyote anayesoma vizuri anaweza kuijaza. Bima ya afya ya safari isipungue euro 30,000, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ombeni mapema. Wanaochelewa ndio chakula cha mawakala.

Sasa nije kwenye jambo ninalojivunia. Nilichukua daftari nikachora saa za siku, asubuhi mpaka usiku, halafu nikaandika kila jumba la makumbusho linafunguliwa saa ngapi, linafungwa siku gani na lini kiingilio ni bure. Orodha ya vivutio niliiacha kwanza. Madrid ina saa zake na hazibembelezi mgeni. Chakula cha mchana ni saa nane, majiko mengi yanazimwa kama saa kumi, na cha usiku ni saa tatu. Mwezi wa Mei jua linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo ile tunayoiita jioni ni ndefu mno. Mtu akiamka saa kumi na moja alfajiri "asipoteze siku", saa sita mchana amechoka, na mji ndio kwanza unaanza kuchangamka. Sisi tulilala mchana kama wenyeji, tukatoka tena saa kumi na moja jioni tukiwa wapya.

Hapo ndipo daftari lilipolipa. Jumba la Prado ni bure saa mbili za mwisho: Jumatatu mpaka Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, na Jumapili linatangulia kwa saa moja. Jumba la Reina Sofía, lenye picha ya Guernica ya Picasso, ni bure saa moja jioni hadi saa tatu usiku kwa siku nyingi za juma, ila Jumanne limefungwa. Kati ya majumba hayo mawili ni mwendo wa kama robo saa, tambarare, chini ya miti ya Paseo del Prado. Umeona? Yanaingia yote katika jioni moja.

Jumamosi tulipanga foleni ya Prado nusu saa kabla ya muda. Foleni ilikuwa ndefu, watu wengine walivunjika moyo wakaondoka, nami nikamwambia dada, "Subiri, hii ikifunguliwa inakwenda mbio." Ikaenda mbio kweli. Ndani, umati mzima ulikimbilia picha ya Las Meninas ya mchoraji Velázquez, ile ya mwaka 1656. Sisi tuliteremka kwanza kwenye picha nyeusi za Goya, alizozichora ukutani kwake akiwa mzee, na tulipopanda baadaye chumba cha Las Meninas kilikuwa kimepumua. Kupiga picha hawaruhusu, jambo lililonifurahisha, maana watu wanatazama kwa macho yao.

Lakini picha niliyoifuata mimi ni nyingine, na hakuna hata mmoja kati ya washauri wangu aliyeitaja. Inaitwa Kuitwa kwa Mtakatifu Mathayo, ya mwaka 1661, na mchoraji wake ni Juan de Pareja. Huyu alikuwa mtumwa wa Velázquez, mwenye asili ya Kiafrika, mzaliwa wa Antequera. Alifanya kazi katika karakana ya bwana wake, na mwaka 1650, wakiwa Roma, Velázquez alitia saini hati ya kumwachia huru. Baadaye akawa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Nilimwonesha mhudumu jina nililoliandika kwenye daftari, akatuelekeza. Ni turubai pana. Meza imejaa vitu vya mtoza ushuru, Yesu yuko upande wa kulia, na kushoto kabisa pembeni amesimama mtu aliyevaa vizuri, anatutazama sisi na si wenzake. Ndiye Pareja. Mkononi ameshika kikaratasi, na kwenye kikaratasi ameandika jina lake. Dada alisogea mpaka mhudumu akakohoa. Tulikaa mbele yake muda mrefu kuliko tulivyokaa mbele ya picha nyingine yoyote, na watu walikuwa wanapita tu. Ukienda Prado, tafadhali mtafute.

Saa moja na robo tukatoka. Tulipofika Reina Sofía foleni ilikuwa imekwisha, maana wote waliotaka kuwahi walishaingia, na Guernica tukaitazama kwa nafasi. Ni kubwa kuliko nilivyodhani, karibu mita nane kwa upana, nyeusi, nyeupe na kijivu tupu. Picasso aliichora mwaka 1937 baada ya mji wenye jina hilo kupigwa mabomu siku ya soko. Majumba mawili makubwa kwa jioni moja, senti hatukutoa. Jumatatu nikarudi Prado peke yangu saa ileile, kumalizia vyumba vya mchoraji Bosch.

Kuhusu hizi bure, soma maandishi madogo. Rafiki wa dada alituapia kwamba hata kasri la kifalme ni bure jioni. Bure hiyo ni ya raia wa Umoja wa Ulaya na watu wa Amerika ya Kilatini. Mwenye pasipoti ya Tanzania analipa, na niliijua mapema kwa sababu niliisoma kwenye ukurasa wa kasri lenyewe. Nilikuta wageni wawili mlangoni wanabishana na mlinzi kwa jambo hilohilo. Tuliamua pesa hiyo tule vizuri.

Na kula kwa Mwislamu Madrid kunahitaji umakini, kwa sababu nguruwe anajificha. Yumo kwenye dengu, yumo kwenye zile kroketi ndogo za kukaanga, yumo hata kwenye maharage ya kijani. Jifunze maneno "sin cerdo", yaani bila nguruwe, na uyaseme bila haya. Kile chakula cha mviringo cha mayai na viazi, tortilla, ni ndugu wa chipsi mayai, ila nene zaidi na laini katikati. Siku za kazi, ulizia "menú del día": chakula cha kwanza, cha pili, mkate, kinywaji na kitamu au kahawa, kwa kama euro kumi na nne hivi, na unashiba mpaka usiku. Mtaani Lavapiés, tulikolala jirani yake, kuna Wasenegali wanaopika wali kwa samaki unaokurudisha nyumbani, na maduka ya nyama halali ya Wabangladeshi. Tulionywa tusilale Lavapiés. Sisi tuliona mtaa wenye watu wa kila rangi, wazee wamekaa viti vya nje, na mteremko mkali. Jambo la kuulizia kwa nguvu zote kabla ya kulipa chumba ni lifti, maana majengo ya zamani mengi hayana.

Ijumaa tulisali msikiti mkubwa wa kando ya barabara ya M-30, uliofunguliwa mwaka 1992. Shuka metro Barrio de la Concepción. Jumapili asubuhi, soko la El Rastro, mkoba mbele ya kifua. Kutoka hapo tulikwenda taratibu mpaka Cuesta de la Vega, chini ya kanisa kuu, kuona kipande cha ukuta uliojengwa na Waislamu karne ya 9, wakati Madrid ilikuwa ngome ya amiri Muhammad wa Kwanza. Hakuna foleni wala tiketi. Ni mawe, bustani ndogo na paka.

Jua likiwa linashuka tukaenda Debod. Hili ni hekalu halisi la kutoka Nubia, kusini ya Aswan, lililoanzishwa na mfalme wa Meroe karne ya 2 kabla ya Kristo. Bwawa la Aswan lilipotishia kulizamisha, Misri ililitoa zawadi kwa Hispania mwaka 1968 kwa msaada wake wa kuokoa mahekalu mengine, likafunguliwa Madrid mwaka 1972. Usiende ukitegemea kuingia ndani, nafasi ni chache na Jumatatu limefungwa. Nenda saa mbili na nusu usiku ukae kwenye ukingo wa bustani, utapata kiti na mwanga.

Usafiri haukutusumbua. Kadi ya metro, Multi, inaruhusiwa kutumiwa na watu zaidi ya mmoja, kwa hiyo tulinunua moja, tukaijaza safari kumi na kupokezana getini. Kwa uwanja wa ndege metro inadai nyongeza ya euro tatu kwa kila mtu juu ya nauli, nasi tulipanda basi la njano, namba 203, euro tano, linalotembea saa ishirini na nne. Angalizo moja kwa wenye ndege ya alfajiri kama sisi: mchana basi hilo linafika stesheni ya Atocha, lakini usiku linaishia Cibeles, katikati ya mji. Tulitoka na mabegi saa tisa usiku, tukakuta watu barabarani bado wanakula aiskrimu, na basi likaja.