Kwa nini ethanoli inagoma kwenye asilimia 95.6

Presha ya mvuke, yaani msukumo wa mvuke unaotoka kwenye kimiminika, ni mada naipenda sana aisee. Benzini na tolueni ukizichanganya hakuna shida, molekyuli zinafanana, kila moja inatoa mvuke kulingana na fungu lake kwenye mchanganyiko, ndo kanuni ya mwanakemia Raoult hiyo. Utamu uko kwenye ethanoli (ile alkoholi ya kwenye pombe) na maji, maana hizi zikichanganyika zinashikana kidogo kuliko kila moja ikiwa peke yake, kwa hiyo zinachoropoka kirahisi, presha inapanda kuliko Raoult anavyotaka, ndo maana ukichemsha na kukusanya mvuke unagota kwenye asilimia 95.6 ya ethanoli kwa uzito, nyuzi 78.2 za Selsiasi, hapo mvuke na kimiminika vina ethanoli kwa asilimia ileile kabisa, rudia utakavyo hakibadiliki kitu. Asetoni na klorofomu ni kinyume, zinang'ang'aniana kwa bondi za haidrojeni (mvutano kati ya molekyuli kupitia haidrojeni) na presha inashuka kuliko Raoult anavyotaka.