Folda ndani ya folda ndani ya folda

Wiki mbili sasa nimezama kwa seva ya ofisi hapa Industrial Area, miaka yote kila mtu alikuwa anajifungulia folda yake vile anataka, halafu nikaambiwa nipange. Nimeanza kufungua moja moja nikapata Uhasibu, Ankara, 2014, Ankara mpya, Mpya kabisa, USIFUTE, na huko chini faili imekataa kunakiliwa, kumbe Windows kwa kawaida njia ya faili, yaani majina ya folda zote hadi faili yenyewe yakiunganishwa, isipite herufi 260.

Amri ya tree, ile ya kuorodhesha folda zote na zilizo ndani yake, ilinipa kurasa mpaka nikachoka kusoma. Kilichonifungua macho ni WinDirStat, programu ya kuonyesha kwa picha nini kimejaza diski, kila faili inakuwa kamstatili, kubwa ni nzito, rangi ni aina ya faili, na papo hapo nikaona video za mafunzo zimekalia karibu nusu ya diski. Hii mbinu ya mistatili aliianzisha Ben Shneiderman, mtaalamu wa kompyuta kule Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwaka wa 1990, diski yao ya MB 80 ilikuwa imejaa na inatumiwa na watu 14.

Lakini uzito hausemi nani anahitaji nini. Nikachora ngazi tatu za juu peke yake kwa karatasi kubwa, nikabandika ukutani, nikaita mama wa uhasibu. Amechukua biro akazungushia ile USIFUTE, akaniambia, "Kijana, hizi ndizo risiti za ushuru, wakaguzi wakija ndio tunawaonyesha." Nusura niifute jamani!

Sasa kila idara inapita hapo na biro yake. Jumatatu tunaanza kuhamisha, nakala ya kila kitu tayari iko kwa diski ya pembeni.